Ubaridi Hutangulia Mvua



Jana saa nane mchana nilipita kwa jirani yangu mmoja nikakuta kuku wake wote wamejibanza kwenye kivuli cha ghala, midomo wazi, mabawa wameyaachia mbali na mbavu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anachakura. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alikuwa amechukua chungu kilichovunjika shingo, akakifukia nusu ardhini na kukijaza maji, yasije yakapata moto kabla kuku hawajayanywa. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, na kabla sijakaa akaniuliza: "Ninyi wa redioni, hao wa hali ya hewa wanasemaje? Joto hili linakwisha lini?"

Mtu wa Singida akikuuliza mwezi wa Oktoba joto linakwisha lini, anataka kujua apande lini. Kwake hilo ni swali moja. Mimi leo nataka tuligawe mara mbili, maana kulichanganya kumetugharimu sana. Joto huondoka kwanza. Mvua hufika baadaye, pengine baada ya wiki moja, pengine baada ya wiki tatu. Kati ya siku ya ubaridi na siku ya mvua ndipo mbegu za mkoa huu zinapopotelea, mwaka hata mwaka.

Tuanze na joto lenyewe. Singida iko kusini ya ikweta, pungufu kidogo ya nyuzi 5. Jua likitoka kaskazini kuelekea kusini, hutupita juu ya utosi siku za mwanzo wa Oktoba, kama tarehe 5 hivi. Mwalimu anayenisikiliza anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake: katika siku hizo, kama saa sita na nusu mchana, mlingoti wa bendera unakaribia kukosa kivuli kabisa. Jua hilohilo huturudia utosini mwanzoni mwa Machi. Lakini Machi hatupigi kelele kama sasa, na sababu yake ni maji. Machi ardhi imelowa, majani yametanda, na sehemu kubwa ya nguvu ya jua inatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Oktoba hakuna cha kukausha. Nguvu yote ya jua inaishia kwenye mchanga, kwenye mabati na kwenye migongo yetu. Upepo wetu, huu ambao umewaleta wataalamu wa umeme hapa na milingoti ya kuupima, unavuma bado. Tofauti ni kwamba sasa unapita juu ya nchi iliyokauka, kwa hiyo kinachotufikia ni vumbi.

Hapa Singida mjini tuko juu, mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana mchana unafika nyuzijoto 30 au kuzidi kidogo, na usiku bado mtu anavuta shuka. Ukishuka mlima wa Sekenke kuelekea Shelui na bonde la Wembere, umeteremka mita mia kadhaa, na kila mita mia ukiteremka joto hupanda zaidi ya nusu nyuzi. Waliolala Wembere mwezi huu hawahitaji kuelezwa.

Na hapa naomba niseme jambo kuhusu nyumba, nikijua kwamba nitawagusa wengi. Wazee wetu, Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo, walijenga tembe. Ukuta mnene wa udongo, paa bapa la miti lililofunikwa udongo tena. Nimelala kwenye tembe ya bibi yangu nikiwa mtoto. Mchana wa Oktoba ukiingia ndani unaona giza kwanza, kisha ngozi ya mkono inapoa kabla macho hayajazoea. Usiku wa Julai, nje kukiwa na baridi ya kutetemesha meno, ndani udongo ulikuwa unarudisha joto ulilolihifadhi tangu mchana. Tumevunja tembe kwa sababu zinavuja, zinahitaji kukandikwa kila mwaka, na kwa sababu bati ni heshima. Sina ugomvi na bati. Lakini bati tupu bila dari, juu ya chumba cha wanafunzi wengi, saa saba mchana wa Oktoba, ni mateso kwa watoto. Anayejenga mwaka huu, aweke dari hata ya kitambaa, aache matundu ya hewa juu ya ukuta, na apande mti upande wa magharibi ambako jua la alasiri linagonga. Mwarobaini utakupa kivuli baada ya miaka michache tu.

Sasa nije kwenye siku ile ya ubaridi.

Mwaka wangu wa kwanza wa kulima shamba langu mwenyewe, joto lilitushika hadi Novemba ikaingia katikati. Mchana mmoja mawingu yakajikusanya upande wa mashariki, meusi chini, meupe juu kama pamba. Radi ikanguruma mbali. Kisha upepo uligeuka ghafla, ukaja na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine, na joto lote la wiki sita likaondoka katika muda wa kufunga mbuzi. Watu walitoka nje wakasimama uani, mikono wameilegeza, wanapigwa na ule upepo. Mvua ilinyesha kama dakika ishirini. Jioni kumbikumbi walitoka, watoto wakawakusanya kwenye mabeseni chini ya taa, na mimi nikalala nimejifunika blanketi kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa shambani. Nilisikia watu wakiwaita ng'ombe wa plau kwa majina yao, nikajiona nimechelewa. Mama yangu akaja hadi kwenye ukingo wa shamba langu, akachukua jembe, akachimba mahali pamoja tu, akaingiza mkono. Udongo mbichi uliishia kwenye kifundo cha mkono. Chini yake alitoa konzi ya vumbi, kavu, bado lina joto la jana. Akanifungulia kiganja nione. "Mwanangu, mvua haijafika hapa." Nilimheshimu kwa maneno, lakini nilipanda. Ekari mbili za mtama na moja ya alizeti, mbegu ya kununua.

Mbegu zilichipua siku ya tano, mistari mizuri ya kijani. Mvua nyingine ilikuja siku ya kumi na tisa. Ilipokuja, nilikuwa na mistari ya nyuzi za kahawia, unazishika zinavunjika. Alizeti zilizosalia ningeweza kuzihesabu. Nilikopa nikanunua mbegu upya, nikapanda Desemba pamoja na mama, ambaye mbegu yake ilikuwa bado ndani ya kibuyu, salama. Hakuniambia neno. Tulipanda kimya, yeye mstari wake, mimi wangu.

Nimeieleza habari hiyo kwa urefu kwa sababu najua wengi wenu mna ya kwenu inayofanana nayo, na kwa sababu kosa lake lina maelezo. Ule ubaridi hautoki kwenye mvua iliyokunyeshea wewe. Wingu kubwa la radi likishakomaa, matone yanaanza kushuka ndani yake. Mengi yanakauka angani kabla ya kugusa ardhi, hasa katika hewa kavu kama yetu ya Novemba. Maji yanapokauka hunyonya joto la hewa inayoyazunguka. Ndivyo mtungi unavyopoza maji. Hewa iliyopoa huwa nzito, inaporomoka chini, ikifika ardhini inasambaa pande zote kwa kilomita nyingi. Hiyo ndiyo inayotupiga usoni. Mvua inaweza kunyesha Puma, na Ikungi wakapata upepo wa baridi na harufu tu. Mwili unasema msimu umeanza, na mwili umedanganywa.

Mvua za msimu wenyewe huletwa na kitu kikubwa kuliko wingu moja. Kuna ukanda mvua, mahali ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, na hewa ikikosa pa kwenda hupanda juu na kufanya mawingu. Ukanda huo hulifuata jua, ila kwa kuchelewa. Jua limetupita Oktoba. Ukanda wenyewe unatufikia mwishoni mwa Novemba au Desemba, ukisaidiwa na hewa yenye unyevunyevu kutoka upande wa misitu ya Kongo. Kwa hiyo sisi watu wa kati, pamoja na Dodoma na Tabora, tuna msimu mmoja tu, wa Novemba hadi Aprili. Hatuna vuli na masika kama ndugu zetu wa pwani na wa Kilimanjaro. Mwenye misimu miwili akikosea wa kwanza, anasubiri wa pili. Sisi tukikosea, tunasubiri mwaka.

Basi tutajuaje kwamba imefika? Kipimo kinachotumika sana na wataalamu wa kilimo ni hiki: mvua ya jumla ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku moja hadi tatu, na baada yake pasipite kipindi kirefu cha ukavu, tuseme siku kumi mfululizo. Sehemu ya pili huwezi kuijua siku ya kupanda. Hapo ndipo unapohitaji utabiri. Lakini sehemu ya kwanza unaweza kuipima mwenyewe, tena bila kununua chochote.

Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Milimita 20, kwa hiyo, ni sawa na kuchukua ndoo kubwa, ile ya lita 20 tunayochotea kisimani, na kuimwaga yote kwenye eneo la hatua moja ndefu kwa hatua moja ndefu. Jaribu uani kwako uone. Ni maji mengi. Mvua yangu ile ya dakika ishirini haikufika nusu ndoo.

Tafuta kopo lenye pande zilizonyooka, mdomo sawa na kitako, kama kopo la maziwa ya unga. Lifunge juu ya mti wa urefu wa kiuno, mahali pa wazi, mbali na paa na mbali na matawi. Asubuhi chukua rula ya mtoto wa shule, iingize hadi chini, soma maji yamefika milimita ngapi, andika kwenye daftari, kisha mwaga. Hapo una kituo cha hali ya hewa cha shamba lako. Na usiache kuchimba kama alivyofanya mama. Kwenye mchanga wetu wa huku Singida, kama ubichi haujafika kiwiko, subira. Kwenye udongo mweusi wa mbuga mambo ni mengine, unakunywa taratibu na unashika maji muda mrefu, huko nitarudi baadaye.

Kuhusu utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo ilikuwa wakala tangu 1999 na ikawa mamlaka kamili kwa sheria ya 2019, hutoa mwelekeo wa msimu mara kadhaa kwa mwaka. Wa mvua za Novemba hadi Aprili, ndio wetu, kwa kawaida hutoka karibu na mwisho wa Oktoba. Utausikia kwenye redio hii na nyingine. Na maneno utakayoyasikia ni haya: wastani, juu ya wastani, chini ya wastani, au mchanganyiko wake, wastani hadi chini ya wastani. Nimegundua katika kuzunguka kwangu kwamba wengi wetu tunasikia maneno hayo kama ahadi. Kisha mwaka ukienda vingine tunasema wametudanganya.

Fikiria wanafunzi 30 wamepangwa mstarini, mfupi mbele, mrefu nyuma. Kila mwanafunzi ni msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwaka 1991 hadi 2020. Kumi wa mbele ndio misimu ya chini ya wastani. Kumi wa kati ni ya wastani. Kumi wa nyuma ni ya juu ya wastani. Mtabiri anajaribu kukwambia mwanafunzi mpya anayekuja atasimama katika kundi lipi. Tuseme, kwa mfano tu, anatangaza uwezekano wa asilimia 45 kwa kundi la juu, 35 kwa la kati na 20 kwa la chini. Maana yake, ukipata misimu mia ya namna hii, 45 itakuwa na mvua nyingi, na 20 itakuwa na upungufu. Misimu ishirini ya njaa katika mia si kitu cha kupuuza. Kwa hiyo hata mwaka uliotangaziwa neema, mwenye busara anatenga ekari ya mtama au uwele, hapandi shamba lote mahindi. Kuna mtama wa Macia unaokomaa mapema, kuna uwele wa Okoa. Nafaka hizi zimeleta watu wa nchi hii hadi hapa walipo, na inaniuma nikisikia kijana anaziita chakula cha maskini.

Tena mwelekeo wa msimu unazungumzia jumla. Milimita 600 zinaweza kunyesha vizuri kwa miezi mitano, au zikanyesha kwa fujo kwa miezi miwili na kukuacha. Daftari litaandika namba ileile, na shamba la kwanza litavunwa, la pili halitavunwa. Kwa sababu hiyo, ukishausikia mwelekeo wa msimu usizime redio. Kuna utabiri wa siku kumi, na huo ndio wa kukuongoza siku ya kupanda. Na ninaomba kwa dhati, kwa kila anayehusika kuanzia mkoa hadi kata, habari hizi zishuke zaidi. Mkoa wetu una ukubwa wa karibu mara mbili ya nchi ya Rwanda. Kusema "mkoa wa Singida utapata wastani" ni kumweka mtu wa Itigi na mtu wa Mkalama chini ya mwavuli mmoja, na hawanyeshewi na wingu moja. Ofisa ugani anayeketi na wakulima kumi chini ya mbuyu na kuwafasiria tangazo anafanya kazi kubwa kuliko tangazo lenyewe.

Huwa naulizwa kuhusu El Niño. Bahari ya Pasifiki upande wa ikweta ikipata joto kuliko kawaida, hali ya hewa ya dunia inapinda. Kwa kaskazini mwa Tanzania na Kenya, mara nyingi huwa mvua nyingi. Kwa nchi za kusini mwa Afrika, mara nyingi huwa ukame. Na sisi? Sisi tuko kwenye bawaba ya mlango. Msimu wa 2023 na 2024 ulituonyesha wazi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang likaizika sehemu ya mji wa Katesh, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Hanang tunauona kutoka huku kwetu asubuhi hewa ikiwa safi. Wengi wetu tuna ndugu pale, na tulizika. Miezi michache baadaye, katika msimu huohuo, Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa mwishoni mwa Februari, Malawi ikafuata Machi, Zimbabwe Aprili. Tope kaskazini, mahindi yaliyokauka kusini, na Singida katikati. Ndiyo sababu mtu akikwambia "mwaka huu ni El Niño, tutapata mvua tele", au, Pasifiki hiyo ikipoa, "ni La Niña, tumekwisha", usikubali haraka. Bawaba hucheza pande zote mbili. Juu ya hayo dunia nzima inazidi kupata joto. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeutaja mwaka 2024 kuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze, takribani nyuzi 1.55 juu ya ilivyokuwa kabla ya zama za viwanda. Oktoba yetu inaanza safari yake ikiwa imeshapanda ngazi moja.

Kuna wazee wataniambia: sisi tulijua haya bila Mamlaka. Ni kweli, na nawaheshimu. Kule Mkalama, Wanyisanzu wana historia ndefu ya watemi na waganga wa mvua, na Kirumi, makao yao, ni jina linalotajwa kwa heshima hadi leo. Ndege dudumizi akilia bondeni mchana, watu wanaangalia juu. Na Dkt. Ladislaus Chang'a wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambaye mwaka 2023 alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, mwaka 2010 alichapisha utafiti pamoja na Pius Yanda na James Ngana kuhusu elimu ya asili ya kutabiri mvua katika nyanda za juu kusini magharibi. Walikaa na wazee wakawasikiliza wakieleza habari za miti, ndege na wadudu. Mwanasayansi anayewasikiliza wazee ananipa moyo.

Ila dalili nazo zina lugha yake. Angalia miombo ya upande wa Itigi sasa hivi. Hakuna tone lililonyesha, na miti imeshatoa majani machanga, mekundu kama shaba, ukiyatazama dhidi ya jua yanang'aa. Warina asali wanaipenda miezi hii. Mtu anasema: miti imechipua, mvua i karibu. Mti wa miombo una mizizi mirefu na akiba ya maji ndani ya shina. Unachipua kwa kufuata joto na urefu wa mchana. Umetangaza kwamba majira yanageuka, na hilo ni kweli. Kiasi cha mvua na siku yake haujavitangaza. Kumbikumbi vivyo hivyo: wanatoka kwa mvua moja, na mvua moja inawatosha wao. Alizeti haitoshwi.

Nirudi kwa kuku, maana niliwaacha midomo wazi. Kuku hana jasho. Njia yake ya kupoa ni kupumua haraka, na akipumua hivyo mchana kutwa anaacha kula, mayai yanapungua. Mpe maji mara tatu kwa siku, kivulini, na umlishe asubuhi na mapema na jioni. Lakini adui mkubwa wa majira haya ni kideri, wengine huita mdondo, ambao huzuka zaidi wakati wa ukavu na kumaliza banda zima ndani ya siku chache. Kwa mkoa ambao kuku wake wanaulizwa kwa jina Dodoma na Dar es Salaam, huo ni msiba wa uchumi. Chanjo ipo. Ile ya tone la jicho inayotengenezwa Kibaha imeundwa kustahimili joto kuliko zile za zamani, kwa hiyo inaweza kufika kijijini bila jokofu la kila hatua. Tone moja, jicho moja, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Chanja wakiwa wazima. Ukisubiri hadi mmoja aanze kupinda shingo, umechelewa.

Na baada ya mvua, ubaridi wenyewe, ule wa kweli. Februari mara nyingi hutuletea siku kavu katikati ya msimu, joto likarudi kidogo. Machi na Aprili ukanda mvua unapita tena ukielekea kaskazini. Kisha upepo wa kusi unashika, kule mbali kusini mwa Bahari ya Hindi mgandamizo wa hewa unapata nguvu na kusukuma hewa baridi kuja kwetu, na kipupwe kinaanza. Juni hadi Agosti, alfajiri hapa mjini hushuka hadi nyuzi 15 na chini yake. Kwa wengi huo ni mwisho wa kilimo. Mtu wa mbuga, mwenye udongo mweusi, ndio kwanza anafurahi. Amepanda dengu mvua zikiwa zinaaga, na dengu inakua kwa maji yaliyobaki ndani ya udongo na kwa usiku wa baridi. Hapo ubaridi ni mbolea. Ni zao linaloanzia mahali mengine yanapoishia, na ningependa kuona wenye mbuga wengi zaidi wanalipa nafasi. Upepo wa Juni nao hauendi bure. Nani hajawahi kusimama na ungo juu ya turubai, akiuinua mtama juu ya kichwa na kuumwaga polepole, makapi yakichukuliwa na upepo na punje zikianguka miguuni?

Hayo ni ya mbele. Sasa ni Oktoba na jua liko utosini.

Asubuhi ya leo kabla ya kuja studio nilimpelekea yule mama jirani kopo tupu la maziwa. Nikamweleza habari ya ndoo na hatua. Alinisikiliza, kisha akachukua msumari na rula ya mjukuu wake, akapima milimita 20 kutoka kitakoni, akaukwaruza mstari kwa ndani, kwa nguvu, hadi bati likang'aa. Akamwagiza mjukuu alifunge kwenye nguzo ya zizi, mbali na mwarobaini. Kisha akaingia ghalani, akatoka na kibuyu cha mbegu, akakitikisa karibu na sikio langu nisikie kilivyojaa, akakirudisha ndani.